Kufuli na Tumbuu: Ulinzi wa Baisikeli katika Miji ya Pwani ya Kusini

Mlango wa nyumba ya mwambao hufungwa kwa vitu vitatu: mnyororo, tumbuu na kufuli. Mnyororo hushikamana na ubao wa mlango. Tumbuu, nayo ni pete ya chuma, hupigiliwa katika kizingiti. Na kufuli huviunganisha viwili hivi visiachane mpaka mwenye ufunguo arudi. Katika vitu hivyo vitatu, kufuli ndilo lisifiwalo. Hung'aa, hununuliwa kwa fedha nyingi, na ufunguo wake hutiwa mfukoni au hufungwa katika pindo la kanga. Tumbuu haisifiwi na mtu. Lakini mwizi mjuzi hajisumbui na kufuli. Huitikisa tumbuu kwanza. Ikiwa imepigiliwa katika mti uliooza, kufuli lote la thamani huanguka chini likiwa zima, limefungwa barabara, wala halikulinda kitu.

Jambo hili dogo la mlangoni ndilo linaloifafanua historia ya kitu kingine kilichofika mwambao baadaye, yaani baisikeli. Mwenye baisikeli alipoingia mjini alikuwa na mnyororo wake na kufuli lake. Kitu alichokikosa njiani kilikuwa tumbuu. Aliposhuka mbele ya soko, posta au hospitali, hakuona mahali imara pa kuifunga mali yake. Upungufu huo umeleta hasara nyingi kuliko ubovu wa makufuli, na mpaka leo haujatazamwa inavyostahili.

Lugha yenyewe huonyesha kwamba kufunga ni kazi ya kale na iliyopitia mikono mingi. Komeo, kia na pingo ni majina ya vitu vilivyozuia milango tangu zamani, kwa mti uliopitishwa nyuma ya ubao. Kufuli ni neno lililotoka katika Kiarabu, likaja pamoja na chombo chenyewe. Ufunguo umezaliwa na kitenzi cha Kiswahili cha kufungua. Hata ufundi ulio ndani ya makufuli ya siku hizi si mgeni kama unavyodhaniwa. Katika Misri ya kale palikuwa na kufuli la mti lililokuwa na vijiti vilivyoanguka kwa uzito wao na kulizuia komeo. Ufunguo uliviinua vyote pamoja, komeo likapita. Fundi wa Marekani, Linus Yale, alipotengeneza kufuli lake mashuhuri katika miaka ya 1860, alifuata kanuni hiyo hiyo, ila vijiti alivifanya vya chuma na vidogo, na kwa kila kimoja akatia utepe wa chuma wa kukisukuma.

Pwani ya Kilwa na Lindi ilijua thamani ya amana kabla ya wakati huo. Ibn Battuta alipofika Kilwa katika mwaka 1331 alikuta mji wa biashara chini ya Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu'l-Mawahib, baba wa vipawa. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi bila ya watu kuaminiana. Mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za kaskazi alingoja kusi ndipo arudi kwao. Katika miezi hiyo mali yake ililala katika nyumba za wenyeji. Kufuli la ghala lilikuwa alama ya mapatano: mwenyeji alisema kwa chuma kwamba mali ya mgeni ni haramu kuguswa. Lakini katika mwaka 1505 majeshi ya Ureno chini ya Francisco de Almeida yaliposhuka Kilwa na kuuteka mji na kuupora, hapakuwa na kufuli lililoweza kuyazuia. Katika tukio hilo mna fundisho. Kufuli halikufanywa kwa ajili ya vita. Ni chombo cha amani. Hufaa mahali ambapo watu wengi wanataka kuishi pamoja kwa haki, na wachache wanashawishika kuivunja. Haliwezi kushindana na jeshi. Kazi yake ni kumshinda mtu mmoja mwenye haraka.

Pwani hiyo ilijua pia matumizi mabaya ya chuma. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa waliotoka upande wa ziwa Nyasa. Mnyororo uliotiwa milangoni ulitiwa shingoni mwa watu, na lililofungwa lilikuwa nafsi ya binadamu. Mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi katika mwezi wa Juni 1873 ulikataza kusafirishwa kwa watumwa baharini, ingawa utumwa wenyewe ulichukua miaka mingi zaidi kukoma. Yafaa kulikumbuka jambo hilo katika habari za baisikeli. Wajukuu wa watu waliotembezwa kwa miguu kutoka bara wakiwa wamefungwa, walikuja kupata chombo kilichowapeleka watakako na kuwarudisha watakapo. Mnyororo ukawa mali yao, wakaufunga wao wenyewe kwa ufunguo wao wenyewe. Mtu aliyeibiwa chombo hicho hakupotewa na chuma tu. Alipunguziwa uhuru wake wa kwenda.

Baisikeli haikuzaliwa kwa siku moja. Katika mwaka 1817 Karl Drais, Mjerumani, alionyesha chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kilichosukumwa kwa nyayo ardhini. Katika mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baisikeli ya magurudumu yaliyo karibu sawa, yenye mnyororo uendao gurudumu la nyuma. Na umbo hilo halikubadilika sana tangu hapo. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaitengenezea baisikeli mpira wa kujazwa upepo. Kwa mambo hayo mawili baisikeli ilifaa kwa njia mbovu, na kwa hiyo ilifaa kwa Afrika. Haikutaka barabara pana. Kijia cha mguu kilichofanywa na wapagazi kilitosha.

Hakuna upande wa Tanganyika uliokihitaji chombo hicho kuliko kusini. Mto wa Rufiji uliikata pwani ya Kilwa na Lindi na Dar es Salaam. Wakati wa masika safari ya nchi kavu ilikuwa shida, na watu wengi walisafiri kwa meli. Daraja la Rufiji, lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, halikufunguliwa mpaka mwaka 2003. Reli ilijengwa baada ya vita vikuu vya pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, lakini mradi uliachwa katika mwaka 1951, na reli ikafungwa katika mwaka 1962, vyuma vyake vikang'olewa. Meli ilikuja kwa zamu yake, gari moshi likaja likaondoka, basi likakwama matopeni. Baisikeli ilibaki. Ilikuwa reli ya mtu mmoja, isiyongoja ratiba wala kibali.

Wakulima wa katani, vibarua wa Nachingwea na wauzaji wa korosho na ufuta, kila mmoja aliyepata fedha kidogo aliiwazia baisikeli. Ilikuwa mali kubwa ya kwanza ambayo mtu wa kawaida aliweza kuitumaini baada ya nyumba na shamba. Ilipofika nyumbani haikuwa ya mtu mmoja tu. Katika vijiji vya pwani kama Kilangala na Mchinga chombo kama hicho kilipakia samaki alfajiri kabla jua halijawaharibu, kikachukua nazi na mihogo sokoni, kikarudi na mafuta ya taa na sukari, kikampeleka mgonjwa zahanati akiwa amekaa kwenye keria na kushikwa na nduguye. Mwuza samaki bila ya baisikeli hufika mjini saa ambayo wanunuzi wamekwisha kurudi makwao. Kwa hiyo mwizi wa baisikeli huiba kitu chenye thamani iliyo kubwa kuliko bei yake. Huiba asubuhi zote zijazo.

Kijijini wizi huo ulikuwa mgumu. Si kwa kuwa watu wa mashamba ni malaika na watu wa mjini ni mashetani. Maneno hayo husemwa sana na hayana ukweli mwingi. Sababu ni kwamba baisikeli ya kijijini hujulikana kama anavyojulikana mtu. Moja ina kengele isiyolia sawasawa, nyingine ina matope ya bati lililopakwa rangi nyekundu, ya tatu ina tandiko lililoshonwa kwa ngozi ya mbuzi. Mgeni akiipanda hatavuka mabaraza mawili kabla ya kuulizwa alikoipata. Na katika kisiwa kama Kilwa Kisiwani mwizi hana budi kuipakia katika chombo na kuvuka bahari mbele ya macho ya watu. Huko macho ya jirani ndiyo kufuli, na kujuana ndiko tumbuu.

Mjini mambo hubadilika. Baisikeli zilizoletwa kutoka Uingereza, na baadaye zile za Uhindi na Uchina, nyingi zilikuwa nyeusi, za umbo moja na kimo kimoja. Zikisimamishwa ishirini mbele ya soko, hata mwenyewe hutazama mara mbili. Mtu akiishika mojawapo na kuipanda bila ya wasiwasi, hapana apitaye awezaye kusema si yake. Mwizi wa nyumba hujificha usiku, lakini mwizi wa baisikeli hujificha katika mwanga wa mchana, kwa kuwa tendo la mwizi na tendo la mwenye mali hufanana kabisa: wote wawili huijia, huipanda, huenda zao. Kitu pekee kinachoweza kuwatofautisha mbele ya watu ni kufuli. Mwenye mali hufungua. Mwizi hana budi kuvunja, na kuvunja huonekana na kusikika.

Kufuli lililozoewa sana lilikuwa kufuli la pete, lile lililofungwa katika fremu juu ya gurudumu la nyuma. Mtu akisukuma kishikio chake, chuma chenye umbo la mwezi mchanga hupita kati ya spoki na kulizuia gurudumu lisigeuke. Ni kufuli jema kwa safari fupi, wala halisahauliki nyumbani kwa kuwa limo katika baisikeli yenyewe. Lakini upungufu wake ni mmoja na mkubwa: halina tumbuu. Baisikeli iliyofungwa namna hiyo haipandiki, ila hubebeka. Mwizi huinua nyuma yake na kuisukuma kwa gurudumu la mbele, kama mtu aliyepoteza ufunguo na anayekwenda kwa fundi, na watu humwonea huruma. Au huitupa juu ya mkokoteni na kufuli hufunguliwa kwa tindo mahali palipo kimya.

Msiba wa mtu aliyeibiwa baisikeli ulionyeshwa kwa ulimwengu mzima na filamu ya Kiitalia ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Maskini wa Roma apata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti awe na baisikeli. Mashuka ya nyumbani yawekwa rehani ili baisikeli ikombolewe. Na siku ya kwanza ya kazi yaibwa. Huitafuta pamoja na mwanawe mdogo mpaka, kwa kukata tamaa, hujaribu kuiba ya mtu mwingine, na kukamatwa mbele ya macho ya mtoto. Watazamaji wa Lindi hawangehitaji mkalimani kwa habari hiyo. Filamu haisemi kwamba wizi ni halali kwa maskini. Husema jambo lililo zito zaidi: kwamba mwizi na mwibiwa huweza kuwa mtu mmoja katika siku mbili, na kwamba kati ya hali hizo mbili pana nafasi ndogo ambayo labda kufuli jema lingeiziba.

Serikali haikunyamaza, lakini dawa zake zilikuwa za baada ya ugonjwa. Kila baisikeli ilipigwa nambari kiwandani katika chuma cha fremu, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki mwenyewe alitakiwa kulipa ada na kupewa kibati. Watu wengi walikiona kibati kuwa kodi tu, na katika mambo mengi walikuwa na haki. Lakini daftari lilikuwa na faida yake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria nayo iliwekwa. Kanuni ya Adhabu iliyochukua mahali pa sheria ya Kihindi katika mwaka 1930, na ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, hueleza maana ya wizi katika kifungu cha 258. Tena katika kifungu cha 312 humtaka mtu aliyekutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi aeleze alivyoipata. Hapo nambari ya fremu huwa shahidi asiyesahau. Mwenye kuiandika nambari hiyo katika karatasi na kuiweka pamoja na risiti, huweza kuthibitisha. Asiyeiandika hubaki kusema kwamba yake ilikuwa nyeusi, na nyeusi ni zote.

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 mambo yalizidi kuwa magumu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vitu vya dukani viliadimika katika nchi nzima. Kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam kilitengeneza baisikeli za Swala, nazo zilipendwa, lakini hazikutosheleza haja ya watu. Mpira wa gurudumu ukawa kitu cha kutafutwa kwa miezi. Kwa hali hiyo wizi ulibadili sura. Haikuwa lazima kuiba baisikeli nzima. Gurudumu moja, tandiko au taa vilitosha kuleta faida. Kufuli lililoshika fremu peke yake halikuwa na la kusema magurudumu yalipoondoka. Uhaba ulifundisha kwa ukali kwamba baisikeli ni mkusanyiko wa mali nyingi, na kila moja yataka kukumbukwa.

Fundisho hilo hilo lilipatikana ng'ambo kwa njia nyingine. Katika mwanzo wa miaka ya 1970 kijana wa Kimarekani, Michael Zane, alianza kuuza kufuli la chuma kigumu lililopindwa kwa umbo la herufi U, akaliita Kryptonite. Katika mwaka 1972 baisikeli ilifungwa kwa kufuli hilo katika nguzo ya alama za barabarani, mtaa wa Greenwich Village mjini New York, ikaachwa siku thelathini. Wezi walikiondoa kila kitu ambacho hakikufungwa. Lakini kufuli halikushindwa. Mwenye kusoma habari hizo huweza kulisifu kufuli na kusahau kwamba nguzo pia haikushindwa, na kwamba kilichobaki mwishoni hakikuwa tena chombo cha kupandwa. Kisha, katika mwaka 2004, ikajulikana kwamba baadhi ya makufuli ya aina hiyo, yenye tundu la ufunguo la mviringo, yalifunguka kwa bomba la kalamu ya bei ndogo lililosukumwa na kuzungushwa ndani yake. Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja wake. Chuma ambacho msumeno haukukiweza kilishindwa na plastiki. Siku za mwizi ni arobaini, lakini siku za kufuli pia zina hesabu yake. Hakuna lililofanywa na mtu ambalo mtu mwingine hatalifungua akipewa nafasi.

Kwa hiyo mafundi walioyapima mambo haya hawakutafuta kufuli lisilovunjika. Walitafuta namna ya kumpotezea mwizi wakati. Sheldon Brown, fundi na mwandishi wa mambo ya baisikeli wa Marekani aliyefariki mwaka 2008, alieleza kwamba kufuli dogo la U lipitishwe katika gurudumu la nyuma, ndani ya pembetatu ya fremu, na kuishika nguzo. Gurudumu haliwezi kuvutwa nje ya pembetatu hiyo, na kwa hiyo fremu na gurudumu la thamani zaidi hufungwa pamoja kwa kufuli moja. Sababu nyingine ni nyepesi kufahamika. Kufuli likiwa kubwa kuliko kitu lilichoshika, nafasi inayobaki humpa mwizi mahali pa kuingiza mtaimbo au jeki. Likijaa, mtaimbo hauna pa kukaa. Mnyororo ukilala chini, ardhi huwa fuawe ya mwizi, akaupiga kwa nyundo. Ukiinuliwa juu, nyundo hupiga hewani. Nguzo fupi isiyo na kichwa hudanganya, maana baisikeli huinuliwa ikapita juu yake pamoja na kufuli lake. Mti mwembamba hukatwa. Na mahali pa faragha, hata pakiwa na nguzo imara, humpa mwizi kile ambacho vyombo vyake vyote haviwezi kumpa, yaani utulivu. Baisikeli iliyofungwa mbele ya baraza la wauza kahawa ina ulinzi ambao hauuzwi dukani.

Wako waliotaka kuyaepuka mashaka haya yote kwa kuliondoa kufuli. Katika mwaka 1965 vijana wa Amsterdam walioitwa Provo walizipaka baisikeli rangi nyeupe na kuziacha njiani bila ya kufungwa, ili kila mtu apande na kuiacha afikapo. Polisi walizikamata, kwa hoja kwamba sheria ya mji ilikataza kuacha baisikeli isiyofungwa, kwani huwashawishi watu kuiba. Vijana wakatia makufuli ya tarakimu na kuandika tarakimu zenyewe juu ya baisikeli. Wengi walicheka, na kicheko kilikuwa na haki. Lakini hoja ya polisi haikuwa ya kipuuzi. Ndani yake mna wazo la kale, kwamba mtu hana haki ya kuitupa mali yake mbele ya mwenye njaa kisha akamlaumu peke yake.

Wazo hilo lina uzito wa pekee katika miji ya Tanzania, kwa sababu ya jambo ambalo halipendezi kutajwa. Neno "mwizi!" likipigwa kelele sokoni, mara nyingi halimalizikii mahakamani. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeandika mwaka baada ya mwaka habari za watu waliouawa na makundi kwa kushukiwa tu. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, hukataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Lakini kundi halisomi Katiba, wala halimwulizi mtu kama baisikeli ni ya kaka yake. Kijana wa miaka kumi na saba aweza kufa kwa ajili ya kitu ambacho sheria ingemtia kifungoni kwa muda tu. Na aweza kufa asiye mwizi kabisa, aliyekosea baisikeli moja nyeusi kwa nyingine.

Hapo ndipo kufuli lionekanapo kwa sura nyingine. Huhesabiwa kuwa silaha ya mwenye mali dhidi ya mwizi, lakini humhifadhi mwizi pia. Anayepita na moyo unaoyumba, akikuta mali imefungwa vyema, hupita. Hakuna kelele, hakuna mawe, hakuna mama anayeitwa kuutambua mwili. Tahadhari kabla ya hatari huwafaa wote wawili. Mtu afungaye baisikeli yake kwa makini hamdhanii jirani yake uovu. Humwondolea jaribu ambalo pengine lingemwangamiza, na huwaondolea wapitao nafasi ya kuwa wauaji.

Lakini fadhila hiyo haiwezi kutimizwa na mtu mmoja. Kufuli ni la mtu, tumbuu ni ya mji. Maskini aliyejinyima akanunua mnyororo mzuri, akifika mbele ya hospitali asione kitu cha kuufunga ila mti wa maua na kibao kilichooza, amefanya sehemu yake, na mji haukufanya yake. Majengo mengi ya umma yametengewa mahali pa magari, pakachorwa mistari na kuwekwa mlinzi. Baisikeli huambiwa ziondolewe ukutani zisichafue rangi. Hata hivyo tumbuu ya baisikeli ni kitu rahisi mno: bomba la chuma lililopindwa kama lango, miguu yake ikazikwa katika zege, kimo chake kikafika tandikoni. Fundi wa kuchomelea wa Lindi au Kilwa Masoko huweza kulifanya. Likiwekwa sokoni, msikitini, kanisani, shuleni, stendi na bandarini, mahali pa mwanga na penye watu, litalinda mali nyingi kuliko vifungu vingi vya sheria.

Pikipiki zimezidi katika njia za kusini tangu barabara ya lami ilipokamilika, na wako wasemao kwamba siku za baisikeli zimekwisha. Maneno hayo husemwa zaidi na wale ambao hawakuihitaji. Mkulima asiye na fedha ya petroli bado huipakia mihogo yake, na mwanafunzi akaaye mbali na shule bado huiomba kwa baba yake. Nayo pikipiki hufungwa kwa mnyororo ule ule na huibwa kwa upungufu ule ule. Chombo hubadilika, haja ya tumbuu haibadiliki.

Wahunzi wa zamani waliopigilia pete katika vizingiti walijua kwamba kazi yao haitasifiwa. Aliyeingia nyumbani alitazama nakshi za mlango, na aliyetoka alitazama kufuli. Walakini waliupigilia msumari mpaka ndani, wakauvuta kwa mkono kuujaribu, ndipo wakaondoka. Mji unaotaka watu wake waende kazini na kurudi na mali zao, na unaotaka vijana wake wasife kwa mawe kwa ajili ya magurudumu mawili, unadaiwa kazi ya namna hiyo: si ya fahari, si ya gharama, lakini iliyojaribiwa kwa mkono kabla ya fundi kuondoka.